Mbwa Mshtakiwa wa Noelene Skurrie

Mwaka jana, Jumamosi ya pili ya Novemba, kondoo watatu waliingia ndani ya hema la chai la akina mama wa mji wetu wa Merrinook, wakakanyaga skonzi, wakamwangusha mke wa kasisi, na mmoja wao akatokea upande wa pili amejitanda kitambaa cha meza. Kosa halikuwa la kondoo. Yalikuwa mashindano ya mbwa wa kuchungia kondoo, na mwenye mbwa, Noelene Skurrie, alikuwa amesimama kwenye alama yake uwanjani, vidole viwili mdomoni, akitaka kupiga mluzi wa kumsimamisha mbwa wake, na pumzi haiji. Alipopuliza mara ya kwanza yalitoka mate. Mara ya pili hakikutoka kitu. Mbwa wake, Biddy, aligeuka akamtazama, maana tangu azaliwe hajawahi kukosa amri, na kondoo nao wakaona nafasi ndiyo hiyo.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Noelene naye alijaribu kucheka, lakini kicheko nacho kinataka pumzi. Ilipofika saa tisa alasiri, ule upepo wa kaskazini uliokuwa ukituchoma nyuso tangu asubuhi ulikatika ghafla, wingu jeusi likatanda, radi zikaanza, na mvua haijashika sawasawa Noelene alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari lao, mabega yamempanda mpaka masikioni, midomo inageuka rangi. Alivuta pampu yake ya pumu mara kumi na mbili, akawa kama anayevuta hewa tupu. Gari la wagonjwa lilimbeba yeye pamoja na vijana wawili wa timu ya kriketi, ambao hawakuwa hata na pumu inayojulikana. Biddy alilifukuza lile gari mpaka njia panda.

Siku tatu alizokaa hospitali zilitutosha kutafuta sababu. Merrinook ina watu mia sita, na wote ni madaktari. Mwenye duka la pembejeo alisema ni mto wa manyoya. Mke wa kasisi, akiwa na bandeji kwenye kiwiko, alisema ni maziwa. Wengi tulisema mbwa. Mbwa analala kitandani kwa Noelene, miguuni pake. Mbwa anamlamba pua. Mbwa huyohuyo ndiye aliyemrukia kifuani pale kwenye ngazi ya gari alipokuwa akihangaika kupumua. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Noelene ana miaka sitini na miwili. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye kofia iliyokuwa ya babake, na sauti ambayo kwa miaka ishirini iliwatuliza watoto arobaini ndani ya basi la shule alilokuwa akiliendesha, bila yeye kugeuza shingo. Yeye na mumewe Kelvin wana shamba la ngano na kondoo kilomita tisa kutoka mjini. Pumu ilimjia ukubwani, alipokuwa na miaka arobaini na minne, na tangu hapo imekuwa na adabu ya mgeni anayejua tarehe zake: inabisha hodi katikati ya Oktoba, inaaga kabla ya Krismasi. Watoto wameshaondoka. Kelvin ni mtu mwema lakini mazungumzo yake ni mvua na bei ya ngano. Kwa hiyo Noelene ana Biddy, mbwa mweusi mwenye sikio moja lililosimama na moja lililolala, aliyemlea kwa chupa ndani ya kikapu cha nguo. Wamekuwa pamoja miaka saba. Ukimsikia Noelene akiongea jikoni, usidhani anaongea na mumewe.

Kelvin, kwa upande wake, hupenda kupata mkosaji mapema. Miaka miwili kabla ya hapo alishamkamata mmoja: mti wa muwati wa jirani yao, Coral Jeffs. Hapa kwetu, Agosti ikifika miwati inachanua manjano tupu, vumbi lake la manjano linatua kwenye vioo vya magari, na kila anayepiga chafya ananyoosha kidole kuelekea mti ulio karibu. Tumerithi hivyo kwa wazee wetu na hakuna aliyewahi kuuliza mbona wengine wanaanza kuumwa maua yenyewe yameshapukutika. Kelvin alingoja Coral aende Adelaide kwa dada yake, akavuka ua na msumeno wa injini, akauangusha muwati wa watu. Coral aliporudi akakuta kisiki. Tangu siku hiyo hakusema na Kelvin hata salamu. Alisema na Noelene tu, kwa sauti ya kufika mbali.

"Shoga, mwambie yule mtema kuni wako leo kuna baridi, asije akanichanjia na mlango."

Na Novemba ilipofika, Noelene akaumwa vilevile.

Basi safari hii ikawa zamu ya mbwa. Binti yao, Kerrie-Ann, mwalimu kule Melbourne, alipiga simu jioni mama yake alipotoka hospitali.

"Mama, ni yule mbwa. Anakulalia miguuni, anakupumulia usoni, halafu unauliza pumu inatoka wapi?"

"Baba yako naye ananilalia ubavuni mwaka wa arobaini huu. Mbona yeye hamumpimi?"

"Mama, sitanii. Ulikuwa unakufa."

Hilo Noelene hakulipinga, kwa sababu kweli alikuwa anakufa, na anayejua hilo zaidi ni yeye aliyekuwa akiitafuta ile hewa. Wakavutana wiki nzima. Mwisho wakakubaliana: Noelene aende akapimwe mzio kwenye ngozi kabla ya msimu mwingine. Ngozi ikitoa kivimbe pale patakapodonolewa tone la mbwa, Biddy atakwenda Swan Hill kwa Rex, kaka yake Kelvin, ambaye mbwa wake wanalala nje juu ya saruji na hawajui jiko linafananaje. Noelene aliapa kwenye simu, Kelvin akiwa shahidi. Na Noelene akiapa ameapa. Hata kwenye basi la shule, akikwambia utateremshwa, uliteremshwa.

Mtaalamu wa vipimo hivyo huja kliniki ya mji wetu mara moja kwa mwezi, na nafasi ya Noelene ikaangukia Agosti. Barua iliyotangulia ilisema, kwa herufi nzito, kwamba siku saba kabla ya kipimo mgonjwa asimeze vidonge vya mafua ya mzio. Sababu haikuandikwa. Sababu aliipata kwa Coral, juu ya ua, wakibadilishana mayai na ndimu.

"Mimi nilipopimwa nilijisahau nikavimeza," Coral alisema. "Mkono ukakaa vilevile, shoga. Vile vidonge vinalaza kila kitu. Hata wangenichoma na mwiba wa nyuki pasingevimba."

"Hakikutokea kitu kabisa?"

"Kabisa."

Noelene alishukuru kwa ndimu, akaenda zake polepole kuliko kawaida.

Asubuhi ya kipimo alisimama jikoni, kidonge kwenye kiganja, Biddy ameketi akimtazama kwa lile sikio moja. Noelene maishani hakuwahi kuiba hata penseli. "Usinitazame hivyo," alimwambia mbwa. "Nafanya haya kwa ajili yako." Akakimeza na chai.

Mtaalamu huyo, muuguzi, aliitwa Sunitha Kurian, mwanamke wa Kerala aliyekaa miaka sita katika nchi yetu ya ngano na alikuwa ameshajifunza kulalamikia ukame kama mwenyeji. Alimlaza Noelene mkono juu ya mto, akaandika namba kwa kalamu kuanzia kiwiko hadi kifundo, akadondosha tone mbele ya kila namba, kisha akadonoa kila tone kwa kisindano kidogo. Kupe wa vumbi. Paka. Mbwa. Ukungu. Muwati. Mzeituni. Nyasi za raigrasi. Nyasi nyingine mbili. Matone mawili ya mwisho hakuyataja.

"Dakika kumi na tano, mama. Usijikune."

Noelene hakuwa na la kujikuna. Dakika zilipokwisha mkono ulikuwa mweupe, umetulia. Moyo wake ukafanya sherehe.

"Sista, naona sina mzio wa kitu chochote! Basi nikuache upumzike."

Sunitha aliutazama mkono, akauinamia zaidi, kisha akavua miwani.

"Mama, unaliona tone hili la mwisho? Hili si mbwa, si nyasi. Hii ndiyo dawa yenyewe inayomfanya mtu avimbe. Tunaiweka makusudi ili tujue kipimo kinafanya kazi. Hata jiwe lingevimba kidogo hapa. Wewe hukuvimba."

"Labda nina ngozi ngumu. Mtu wa shamba."

"Ulikimeza saa ngapi?"

Noelene alitazama dari, akatazama viatu vyake. Mwanamke mzima wa miaka sitini na miwili, bibi wa wajukuu watatu, alihisi masikio yakimwaka moto kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Saa moja na nusu," alisema. "Na chai." Kisha akamwaga yote: kiapo, Rex, saruji, kikapu cha nguo. Alipofika kwenye kikapu alikuwa analia.

Sunitha alimpa kitambaa cha karatasi.

"Watu hunidanganya kila mwezi," alisema, "lakini mara nyingi ni kwa sababu ya sigara. Kwa ajili ya mbwa ndiyo mara ya kwanza. Sasa nisikilize. Ungefanikiwa leo, mbwa angebaki, na wewe Novemba ungerudi kwenye lile gari bila kujua unakimbia nini. Mbwa angekufaa nini ukiwa kaburini?"

"Naye angekwenda kwa Rex," Noelene alisema.

"Umeona! Na jingine. Mkono hautoi hukumu. Unatoa ushahidi tu. Mtu anaweza kuvimba kwa kitu ambacho hakijawahi kumsumbua maishani. Lazima tuweke mkono kando ya siku zako: lini unaumwa, lini huumwi, ulikuwa wapi. Umewahi kuandika siku zako mbaya?"

"Mimi? Siandiki hata orodha ya dukani."

"Basi jaribu kukumbuka. Njoo wiki mbili zijazo, nitapita tena hapa nikielekea mji wa pili. Na vidonge uvifungie mahali."

Nyumbani alimwambia Kelvin kweli yote, maana uongo mmoja ulishamchosha. Kelvin alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akaweka kikombe chini. Lakini aliposikia habari ya kuandika siku mbaya alisimama, akaenda kwenye kabati la barazani, akarudi na lundo la madaftari.

Hapa kwetu kila mkulima ana kipima mvua uani, na kila siku saa tatu asubuhi anakwenda kukisoma na kuandika, hata kama ni sifuri kwa miezi miwili. Mwanamume anaweza kusahau siku ya kuzaliwa mkewe, lakini atakwambia mvua ya Aprili ya mwaka aliooa. Kelvin aliandika zaidi ya wengine: mvua, upepo, kazi ya siku, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika, vilevile aliandika "N. kifua" kila mkewe alipoumwa. Noelene hakujua. Miaka kumi na minane ya kifua chake ilikuwa kwenye kabati la barazani, kati ya dawa ya panya na mabuti.

"Nitakuja nayo," Kelvin alisema. "Tummalize huyu mbwa kwa haki."

Siku ya pili ya kipimo alikuja kweli, amevaa shati la kanisani, madaftari ndani ya mfuko wa plastiki. Noelene hakuwa amemeza kidonge kwa siku kumi na alikuwa akipiga chafya kama cherehani. Sunitha akaandika namba, akadondosha, akadonoa. Safari hii haikufika hata dakika kumi. Tone la mwisho lilivimba, kama lilivyotakiwa. Na lile la raigrasi lilivimba likawa pana kuliko ukucha wa kidole gumba, jekundu, limetoa na miguu pembeni kama kaa. Noelene aliuma meno asijikune.

"Milimita kumi na sita," Sunitha alisema akishika rula. "Mama, hiki ni cha kupigwa picha."

"Na muwati?" Kelvin aliuliza.

"Sifuri. Tazama, ngozi ya mtoto mchanga."

Kelvin alikohoa kidogo. Noelene hakumtazama, macho yake yalikuwa kwenye namba tatu, na kwenye namba tatu palikuwa na kidoto kilichoinuka. Kidogo, lakini kimeinuka.

"Na hicho?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mbwa. Milimita nne. Kipo, siwezi kukuficha."

Noelene aliteremsha mkono wa shati juu ya kiwiko, kisha akaupandisha tena, kwa kuwa alikumbuka hairuhusiwi.

"Basi," alimwambia Kelvin. "Nimeapa. Mpigie Rex."

Kelvin, aliyekuwa amekuja kushinda, hakuonekana kama mshindi. Alishika mfuko wake wa plastiki kama mtu aliyeleta zawadi kwenye msiba.

"Ngojeni kwanza," Sunitha alisema. "Baba, hizo ni siku zake? Nisomee. Chukua mwaka wowote."

Kelvin alivaa miwani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti yake ya kusomea mvua, isiyopanda wala kushuka.

"Oktoba kumi na tisa. Sifuri. Upepo kaskazini, joto. N. kifua. Oktoba ishirini, sifuri. Kaskazini. N. kifua. Oktoba ishirini na moja, milimita nne, upepo kusini. Tumenyoa kondoo dume." Akafungua ukurasa. "Novemba tano, kaskazini, kali. N. kifua, mbaya. Novemba sita, kusini, baridi. N. amepika keki."

"Juni?"

"Juni..." Akapekua. "Juni hakuna."

"Julai?"

"Hakuna."

"Na mbwa Juni analala wapi?"

"Kitandani," Kelvin alisema. "Juni kuna baridi ya jalidi, analala ndani ya blanketi kabisa. Mimi ndiye ninayebaki nje."

"Kwa hiyo mwezi ambao mbwa yuko puani kwake, mama anapika keki. Mbwa huyu mna miaka mingapi naye?"

"Saba," Noelene alisema. Alikuwa ameanza kukaa wima.

"Na kifua miaka kumi na minane." Sunitha alivuta kiti karibu. "Baba, kaskazini ya nyumba yenu kuna nini?"

Mtu mwingine angejibu upesi. Kelvin alifunga daftari, akalifungua tena, akatafuta ukurasa ambao haukuwa na haja ya kutafutwa, kwa sababu anayejua kila kitu kuhusu shamba lile ni yeye. Kaskazini ya nyumba, kuanzia waya wa kuanikia nguo, kuna konde la ekari kumi na tano la raigrasi. Alilipanda mwenyewe. Hei yake, zile nyasi kavu za kulishia mifugo, imechukua nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya Merrinook miaka sita mfululizo, na vyeti amevitundika sebuleni mahali ambapo watu wengine wanatundika picha za harusi.

"Konde langu," alisema.

"La nini?"

"Raigrasi."

"Ulilipanda lini?"

Hili nalo lilikuwa kwenye daftari. Alilitafuta, akalikuta, akaweka kidole pale bila kusoma. Noelene aliinama akasoma yeye. Lilikuwa limepandwa Mei, na "N. kifua" ya kwanza ilikuwa mwaka uliofuata, Oktoba.

Sunitha alikuwa na huruma ya kutosha kutocheka, lakini pua yake ilitikisika. Aliwaeleza polepole. Chavua ya muwati, lile vumbi la manjano, ni nzito, inaanguka chini ya mti kama unga. Inaonekana, ndiyo maana inasingiziwa. Ya nyasi haionekani na inasafiri na upepo kilomita nyingi. Ikija mvua ya radi zile chembe zinapasuka vipande vidogo zaidi, vinavyoshuka hadi ndani ya mapafu, na ndicho kilichowaangusha Noelene na wale vijana wa kriketi. Mbwa ni mdogo katika kesi hii. Kosa lake kubwa ni kugaagaa kwenye nyasi na kuzileta kitandani. Afutwe kwa taulo yenye maji akiingia, na kuanzia Oktoba hadi Krismasi alale jikoni. Noelene aanze sasa hivi, Septemba, kuvuta pampu ya kinga kila siku, ajisikie mgonjwa asijisikie; siku za kaskazini na radi akae ndani, madirisha yamefungwa, dawa karibu.

"Na usimlaumu mzee peke yake," alimalizia. "Wilaya nzima ni raigrasi. Barabarani, kwa majirani, uwanja wa mpira. Hata asingepanda lake, chavua ya wengine ingekufikia." Daktari wa kliniki aliingia, akasoma, akakubali kila neno, akasaini karatasi ya maelekezo ya kubandika kwenye friji.

Njiani Kelvin aliendesha kilomita tisa bila kutaja mvua. Walipofika lango la shamba Noelene akasema, "Lakini kivimbe kilitokea, Kel. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Kerrie-Ann. Wewe shahidi."

"Basi shahidi hakusikia vizuri," Kelvin alisema. Akasimamisha gari palepale, akatoa simu, akampigia kaka yake Swan Hill. "Rex? Yule mbwa haji... Hapana, hana kosa... Nani mwenye kosa? Mimi... Ndiyo, mimi... Cheka tu, ukimaliza uniambie." Noelene alishika mkono wake uliokuwa kwenye gia, akaubana, na furaha aliyokuwa nayo ingemtosha kukimbia kilomita zile tisa kurudi mjini na kwenda tena. Biddy alipowaona alizunguka gari mara nne.

Jumapili iliyofuata tulimwona Kelvin, na macho yetu hatukuyaamini, akipita kwenye lango la Coral Jeffs akiwa na mche wa muwati ndani ya kopo la rangi. Coral alimfungulia mlango nusu.

"Unataka nini, mtema kuni?"

"Nimekuja kupanda."

"Uliniomba ruhusa ulipokata?"

"Hapana. Ndiyo maana leo naomba."

Coral alimwonyesha mahali pa kupanda, kisha akaona hapafai, akamhamisha, kisha akaona kule kwa kwanza kulifaa. Kelvin alichimba mashimo matatu. La tatu lilipokubaliwa Coral alimletea chai, ya baridi, lakini chai.

Septemba ikapita, Noelene akivuta pampu ya kinga asubuhi na jioni na kuanika mashuka barazani badala ya uani. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba alikuwa akiosha vyombo aliposikia trekta. Hakulijali, mpaka alipotambua sauti inatoka kaskazini, na kaskazini hapakuwa na kazi mwezi ule. Raigrasi hukatwa Novemba, ikishatoa masuke na kuchanua na kukaza. Ndivyo inavyokatwa hei ya kushinda. Alivaa kofia, akatoka na Biddy.

Theluthi ya konde ilikuwa imelala chini kwa mistari, mbichi, laini, haijafika magotini vizuri, haijatoa suke hata moja. Kelvin alimwona, akazima injini.

"Kelvin Skurrie, una wazimu? Maonyesho yako miezi miwili mbele!"

"Nakata saileji. Nitazivundika mbichi hivihivi."

"Hujawahi kutengeneza saileji maishani mwako. Umesema mwenyewe ni chakula cha ng'ombe wa watu wavivu."

"Basi nimekuwa mvivu."

"Utapeleka nini maonyeshoni?"

"Nitakwenda kutazama za wengine. Sijawahi kuzitazama vizuri, nilikuwa natazama yangu."

Noelene alikaribia mpaka kwenye gurudumu. "Kel, sista alisema, au hukusikia? Hainiponyi hii. Upepo ukivuma zitakuja chavua za wilaya nzima. Za jirani McRae, za barabarani, za uwanja wa mpira."

"Nilimsikia."

"Sasa?"

Kelvin alivua kofia, akajifuta paji la uso, akatazama ng'ambo ya ua ambako raigrasi ya McRae ilikuwa ikiyumba, ekari baada ya ekari mpaka macho yanapokomea.

"Zitakuja," alisema. "Lakini zangu hazitakuwemo."

Noelene alimpenda mzee yule, pale kwenye gurudumu, kuliko siku aliyomvisha pete, na kwa kuwa hakujua aliseme vipi aliupiga mguu wa mumewe kofi, kama mtu anavyompiga farasi mzuri.

"Haya, rudi ndani," Kelvin alisema, akivaa kofia. "Ufunge madirisha. Bado ekari kumi."